Mpishi wa Watu Mia Mbili

Mapazia ndiyo yaliyomtangaza Namalwa kabla hajafungua kinywa. Alipohamia mtaa wa Pioneer, Eldoret, mwezi wa Januari aliyatundika kama yalivyokuwa, yale aliyoyashona kwa kipimo cha madirisha ya kambini, nayo yakaishia shubiri nzima juu ya ukingo wa dirisha, mfano wa suruali ya mtoto aliyerefuka likizoni. Mama Warigia, mwenye ploti ile ya nyumba za kupanga na mwenye duka lililo mbele yake, alikuwa akipita na kreti ya mkate. Akasimama, akayatazama.

"Bwana yako ni jeshi," akasema.

"Alikuwa. Nani amekuambia?"

"Hizo pazia. Wote huja na pazia fupi. Yule alikuwa namba tano alikaa nazo mwaka mzima, eti karibu atahama. Kuja kwa duka, kuna kitambaa kilibaki. Ongeza chini."

Namalwa aliongeza. Kitambaa cha mwenye ploti kilikuwa cha maua na mapazia yalikuwa ya kijani, havikupatana hata kidogo, lakini dirisha lilifunikwa. Kila asubuhi jua la Eldoret, lile lisilo na joto, lilipopenya, aliuona ule mshono na kufikiria kwamba mwanamke anaweza kushonewa maisha mapya kwa namna hiyo hiyo, bila kuulizwa rangi.

Alikuwa na miaka arobaini na moja. Alizaliwa Kimilili, akajifunza kushona katika chuo cha ufundi karibu na kwao, akaolewa na Wakoli mwaka uleule kijana huyo alipomaliza mafunzo ya ukurutu. Watu wakisikia mume wake ni mwanajeshi walifikiria bunduki. Wakoli alibeba mwiko. Kwa miaka ishirini na miwili aliwapikia wanajeshi, Nanyuki, Gilgil, Eldoret, na mara mbili Somalia, na katika miaka hiyo yote chakula chake hakikuchelewa hata kwa dakika tano. Hilo alilisema mwenyewe, bila majivuno, kama mtu anayetaja kimo chake.

Namalwa naye alijifunza kazi ya kungoja. Wakati wa Somalia wanawake wa kotasi, zile nyumba za familia za askari, waliijua sauti ya gari la padri, lile lililoleta habari za vifo. Lilipoingia katikati ya safu za nyumba, kila mmoja alitoka akasimama mlangoni pake, mikono ina povu la sabuni au unga, akalitazama likija. Likikupita ulishukuru, kisha ukaona haya kwa kushukuru, kwa sababu lilikuwa linaenda kusimama kwa mwenzako. Halafu, bila kuitana, wote mlijikuta kwa huyo mwenzako, mmoja anawasha jiko, mwingine anawaogesha watoto.

Kila jioni wakati huo Namalwa alipakua sahani ya Wakoli pamoja na zingine, akaifunika, akaiweka kabatini. Nasike, kifungua mimba wake, aliwahi kuuliza ni ya nani.

"Ya mtu aliyechelewa," mama yake alijibu.

Asubuhi Namalwa alikipasha moto kile chakula, akakila yeye.

Kisha miaka ikaisha na Wakoli akastaafu. Siku ya kurudisha nyumba, mkaguzi alikuja na orodha. Alihesabu vioo vya madirisha, akafungua mifereji na kuifunga. Ukutani alikuta msumari ambao Namalwa aliupigilia ili kuning'iniza kalenda. "Huu haukuwepo," akasema. Namalwa akaung'oa, akaziba tundu kwa kipande cha sabuni, akalisawazisha kwa kidole. Kufikia saa nane mchana hapakuwa na alama yoyote kwamba watu wanne walikuwa wameishi mle ndani. Wanawake aliosimama nao milangoni walimsindikiza hadi getini, wakabaki upande wao.

Hapo Pioneer, Wakoli aliendelea kuamka saa kumi alfajiri. Wiki ya kwanza aliamua kumpumzisha mkewe jikoni, na hapo ndipo walipogundua tatizo ambalo hakuna aliyelifikiria katika miaka yote ile. Vipimo vyote kichwani mwake vilianzia watu mia.

"Chumvi ya watu wanne ni ngapi?" aliuliza.

"Unaonja tu, Baba Nasike."

"Kuonja si kipimo."

Siku hiyo alipika maharagwe, madondo. Alijitahidi kupunguza, kweli alijitahidi, na bado sufuria mbili zilijaa, na beseni la kuogea la Brigid, mtoto wa mwisho, likaoshwa haraka na kujazwa pia. Nasike alizunguka na sahani kwenye milango yote minane ya ploti.

"Haiya," Mama Warigia aliuliza, "kuna sherehe na hatujaambiwa?"

"Ni baba amepika."

"Amepikia nani?"

"Sisi. Hajui kupunguza."

Ploti nzima ilicheka, ikala, na kuanzia siku hiyo Wakoli akaitwa Afande. Akina mama walimtania kwamba akija kupika chai wataleta mapipa. Mwanzoni yeye pia alicheka. Lakini kicheko hakimpi mtu kazi, na wiki zilivyopita alianza kukaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, viatu vimepigwa rangi, akitazama saa. Saa nne, chai ya maafisa. Saa saba, chakula cha mchana. Midomo yake ilitembea kidogo, kama mtu anayeomba. Namalwa, akiwa kwenye cherehani yake ndani, alijua anapakulia watu ambao hawapo.

Mwezi wa Aprili alikuja na habari za ajenti mmoja mjini. Kulikuwa na kambi ya wajenzi huko Qatar, walihitaji mpishi mkuu. Mkataba wa miaka miwili.

"Watu elfu mbili," Wakoli alisema, na Namalwa akaona macho ya mume wake yakiwaka kwa mara ya kwanza tangu Januari.

Mke wa mwanajeshi hujifunza mapema kutosema kitu mlangoni. Lakini alipiga hesabu akiwa anaanika nguo. Nasike alikuwa na miaka kumi na minne, na ukiunganisha likizo zote na miezi yote ya hapa na pale, alikuwa ameishi na baba yake miaka mitano. Mwezi uliopita tu ndio msichana huyo alikuwa ameanza kumweleza baba yake mambo ya shule, akiwa amesimama, kama anayetoa ripoti, naye Wakoli akisikiliza kwa makini ileile. Brigid alikuwa bado anamwita "Afande" kama watu wa ploti. Miaka miwili mingine, Namalwa aliwaza, na huyu mtu atakuwa mgeni anayetuma picha.

Mwezi wa Mei Mzee Mukhwana wa namba mbili, karani mstaafu, aliaga dunia. Mazishi yangekuwa kwao Bungoma, lakini kwanza kungekuwa na ibada pale ploti siku ya Alhamisi, na waombolezaji wangekula. Katika mtaa ule, msiba uwe wa Waluhya au wa Wakikuyu, mwenyekiti wa jikoni alikuwa Mama Warigia, na hakuna aliyekumbuka kumchagua. Alimjia Wakoli pale kwenye kiti chake.

"Afande. Watu mia mbili. Utaweza?"

Wakoli aliinuka kama aliyeitwa kwa jina kwenye gwaride.

Alhamisi hiyo Namalwa alimwona mume wake kazini kwa mara ya kwanza. Kambini wake wa askari hawakuruhusiwa kuingia mesini, kwenye bwalo la chakula. Alimwona akipanga mawe ya meko, akiwagawia akina mama kazi, akipita katikati yao mikono nyuma.

"Mama, vitunguu vikatwe saizi moja."

"Afande, kitunguu ni kitunguu!"

"Kikubwa na kidogo haviivi pamoja."

"Basi ni kama watoto wangu," mmoja akasema, nao wakacheka, ingawa ni msibani, na vitunguu vikakatwa sawasawa. Wali haukuungua chini. Hakuna aliyegombana na mwenzake. Seline, mjane wa marehemu, alitoka ndani mara moja, akatazama moshi na foleni ya watu, akarudi akiwa ametulia kidogo. Saa saba kamili Wakoli akagonga kifuniko kwa mwiko, watu wakala. Saa nane alifunga. Moto ukazimwa kwa maji, sufuria zikasuguliwa na kufudikizwa, kitako cha kila moja kikionyesha jina la mwenyewe kwa rangi, isipokuwa zile mbili za Namalwa ambazo hazikuwa na alama. Namalwa alisimama pembeni na kitambaa cha kupangusia vyombo, kifua kimemjaa.

Saa tisa unusu gari la kutoka Bungoma likaingia. Lilikuwa limeharibikia njiani, mjini Turbo. Ndani yake walikuwa watu kumi na wawili, na mbele yao Mzee Wangila, kaka mkubwa wa marehemu, mwenye fimbo na koti zito la vumbi. Mtu mmoja akamwelekeza upande wa jikoni apate chochote.

Wakoli akatazama saa yake.

"Mzee, chakula kilikuwa saa saba hadi saa nane. Mesi imefungwa."

Alisema kwa heshima, akiwa amesimama wima. Hilo ndilo lililoumiza zaidi. Hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa akiwaeleza wageni jinsi dunia ilivyo.

"Nimekuja kuchukua ndugu yangu," mzee akasema polepole. "Sikujua kuna kengele."

Akaketi kwenye benchi, akaweka fimbo katikati ya magoti. Watu walikodolea ardhi macho. Mzee wa ukoo kukaa njaa kwenye msiba wa mdogo wake! Mama Warigia hakungoja. Alikimbia dukani, akarudi na mikate na maziwa, na milango ya ploti ikafunguka mmoja mmoja, huyu na bakuli la githeri, huyu na maparachichi, huyu na ugali wa watoto wake uliokuwa umefunikwa. Namalwa naye alileta alichokuwa nacho. Wazee walikula hicho cha kuokoteza, wakashukuru, lakini hawakumtazama Wakoli tena.

Jioni alikaa kitini akiwa hajavua saa.

"Sikukosea," alisema. "Niliambiwa mia mbili. Mia mbili walikula." Baadaye kidogo akasema, "Ajenti amepiga simu. Nipimwe afya Nairobi, si Jumatatu hii, ile inayofuata, saa mbili asubuhi. Huko watu wanakula kwa saa."

Namalwa alikunja nguo aliyokuwa ameshaikunja.

Jumapili baada ya kanisa Mama Warigia alibisha hodi, akaingia, akaketi bila kukaribishwa.

"Nimekuja kukugombeza, Afande, na nimeona nikugombeze mbele ya bibi yako ndio usinidanganye. Ulituaibisha. Umesikia? Sasa nimemaliza. Jumamosi ni ruracio ya msichana wangu Shiko. Wageni wanaleta mahari. Watu mia tatu. Utapika."

"Mimi? Baada ya ile?"

"Kwani nimfunze mwingine kukata vitunguu?"

Wakoli, kwa sababu hakuweza kujizuia, akauliza, "Wageni wanafika saa ngapi?"

"Kadi imeandikwa saa nne."

"Kwa hivyo saa nne."

"Saa nane. Kama wakiharakisha. Halafu tunawafungia geti."

"Mnawafungia kwa nini?"

"Waimbe kwanza! Wabembeleze! Utaingiza watu hivi hivi wanataka kuchukua msichana? Wakae hapo nje nusu saa, saa nzima, tukiwajibu kwa nyimbo."

Wakoli alimtazama kama mtu aliyeelezwa kwamba maji hupanda mlima. "Chakula kiko tayari, wageni wako getini, na mnawachelewesha kwa makusudi."

"Makusudi kabisa. Ndiyo raha yenyewe."

"Mama Warigia, siwezi. Siwezi kuwapikia watu wasiojua saa. Afadhali niende huko."

Hapo ndipo Namalwa aliposikia sauti yake mwenyewe. Haikuwa kubwa. Alikuwa bado ameshika sindano, uzi mdomoni, akautoa.

"Baba Nasike. Mimi nilikuwekea sahani miaka ishirini na miwili. Ulipokuja baada ya mwezi, ulikula. Ulipokuja baada ya mwaka, ulikula. Kuna siku nilikuambia mesi imefungwa?"

Nje mtoto wa jirani alikuwa akiburuta kopo kwenye saruji. Walilisikiliza lile kopo mpaka likapita. Nasike alikuwa mlangoni na vitabu vyake, na Namalwa alijua kwamba amesikia, akaona haya, kisha akaacha kuona haya.

"Nilikuwa nakesha kwenye hema kule Somalia," Wakoli akasema mwishowe, "najiuliza mnakula nini." Akajisugua uso kwa viganja vyote viwili. "Mia tatu, umesema?"

"Mia tatu," Mama Warigia akasema. "Wewe shika jiko. Saa niachie mimi."

"Na ile Jumatatu ya Nairobi?" Namalwa aliuliza.

"Jumatatu bado iko pale pale," Wakoli alisema, na hakumdanganya.

Jumanne Seline alirudi kutoka mazikoni na mwanawe mkubwa, amenyoa nywele, amekonda. Wakoli alimfuata mlangoni ili kuomba msamaha, akiwa amevaa viatu vya kung'aa, na kabla hajamaliza sentensi yake ya kwanza Seline akaanza kutetemeka mabega. Namalwa alidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Unajua Mzee Wangila alisema nini kaburini, mbele ya watu wote? Alisema, huko Eldoret kuna askari wanalinda wali. Alisema ndugu yake alilindwa vizuri." Akajipangusa macho kwa ncha ya leso. "Hata mchungaji alicheka. Mzee amenituma nikuambie akija kunitembelea Agosti, sahani yake iwe imebaki."

"Itabaki," Wakoli alisema kwa sauti ya chini. "Mwambie itabaki."

Halafu alikumbuka kwamba Agosti, mambo yakienda alivyopanga, angekuwa Qatar. Namalwa alimwona akilikumbuka.

Jumamosi mvua ilinyesha alfajiri kisha ikaondoka, ikaacha tope na hewa safi. Akina mama walewale wa msibani walikuja na visu vyao, na hakuna aliyehitaji kuambiwa habari za vitunguu. Saa nne nyama ilikuwa inatokota. Saa sita kila kitu kilikuwa tayari. Saa saba Wakoli alitazama saa yake mara tatu. Saa nane aliivua, akamkabidhi Namalwa.

"Niwekee hii. Inanisumbua."

Alivuta kuni nje, akabakiza makaa, akafunika sufuria kwa majani ya mgomba na magunia juu yake. Alizunguka akizigusa kwa mgongo wa mkono, kama mtu anayeangalia homa ya mtoto. Sufuria moja, ile ya Namalwa isiyo na jina, aliitenga kando ya ukuta na kuikataza kila mtu.

"Hiyo ni ya nani, Afande?"

"Ya watakaokuja baada ya mwisho."

Wageni walifika saa tisa na robo. Geti lilifungwa. Wanawake wa nje waliimba wakiomba kufunguliwa, wa ndani wakawajibu kwa kejeli kwamba hawawajui, hawajawahi kuwaona, waende nyumba nyingine. Brigid alipanda juu ya kreti ya soda ili aone. Katikati ya makelele hayo simu ya Wakoli ikalia, naye akaiweka sikioni huku mkono mwingine umeshika mwiko. Namalwa alikuwa hatua mbili kutoka pale, sahani zimemjaa kifuani, na hakusogea.

"Ndiyo, bwana," alimsikia akisema. "Ndiyo, nakumbuka. Jumatatu saa mbili." Akatazama geti lililofungwa, wale watu wanaoimba, Nasike akiwa amesimama na akina mama akipanga vikombe. "Hapana. Sikiliza. Nitachelewa." Ajenti akauliza kitu. "Sijui kwa muda gani. Wewe endelea na walio tayari. Mimi nitachelewa sana."

Akarudisha simu mfukoni na kuinama kukoroga.

Namalwa aliziweka sahani mezani moja moja, kwa uangalifu mwingi. Geti likafunguliwa, vigelegele vikapasua hewa, na mume wake akagonga kifuniko.

Jumatatu Nasike alienda shuleni na Brigid akaenda shuleni. Wakoli hakuwa na kazi bado. Kulikuwa na kanisa moja lililotuma mtu kumuuliza habari za harusi ya Juni, na mwalimu wa shule ya Langas aliyesema wataongea, na kuongea si kazi; Namalwa aliyajua hayo yote vizuri. Lakini saa nne asubuhi kiti cha plastiki kilikuwa kitupu. Alimkuta nyuma ya nyumba amechuchumaa, zile sufuria mbili zimefudikizwa mbele yake, kando yake kopo la rangi nyekundu la Mama Warigia.

"Niandike nini?" aliuliza bila kuinua kichwa. "Jina lako ama langu?"

"Andika namba ya nyumba."

"Na tukihama?"

Namalwa alifikiria msumari wa kalenda, na lile tundu la sabuni.

"Andika tu," akasema.

Wakoli aliandika, tarakimu zake zimesimama wima kama za jeshini, akaziacha sufuria juani zikauke. Mchana alipika ugali na mboga za watu wanne. Ulitosha sita. Alipakua sahani ya tano, akaifunika, akasimama nayo kidogo akiangalia mahali pa kuiweka, kisha akatoka nayo kwenda namba mbili, kwa Seline.